Mtaro Waliouomba Wenyewe

Fundi Redio hakuwa na redio. Jina hilo alibandikwa na kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuwa akiwaambia wateja wake kwamba ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa, mafuta yamepanda bei gani na vita vya nchi za mbali vimefikia wapi, huna haja ya kununua betri. Kaa dakika kumi tu kwenye baraza ya yule mama mshonaji. Mwanzoni mwenyewe alikasirika. Baadaye akazoea, na mwishowe hata wazazi walioleta vitambaa vya sare za shule walikuja wakiuliza, "Kwa Fundi Redio ni hapa?" naye akaitika bila kuinua kichwa kutoka kwenye sindano.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili. Mumewe alikuwa dereva wa malori, akafia barabarani, akamwachia nyumba ya vyumba vitatu ukingoni mwa mtaro, pamoja na mama yake mzazi. Binti zao wawili walikwisha olewa mbali. Kwa hiyo wakabaki wanawake wawili, mke wa marehemu na mama wa marehemu, wakilala vyumba vinavyotazamana na kugombana kila asubuhi juu ya chumvi. Mama mkwe alikuwa ajuza mwembamba, miguu imekataa kazi lakini ulimi mzima. Watu walipojaa barazani alikuwa akipaza sauti kutoka ndani, "Bunge lenu halina likizo?"

Na kweli lilikuwa bunge. Asubuhi alifika Mwalimu, mstaafu mwenye mikono inayotetemeka, kashika gazeti la jana, kwani la jana mwenye duka alimpa bure. Kinyozi naye, alipokosa kichwa cha kunyoa, alibeba kigoda chake akaja kubisha. Mwalimu akisema serikali inajitahidi, kinyozi alisema haijitahidi. Mwalimu akigeuka kusema kweli haijitahidi, kinyozi aliitetea kama vile waziri ni shemeji yake. Mama Mkaa, aliyeuza mkaa kwa makopo upande wa pili wa mtaro, alisikiliza yote akiwa amesimama, mikono kiunoni, kisha akatoa hukumu kwa neno moja, "Waongo," akaenda zake. Hakuna aliyejua anawasema akina nani, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Fundi Redio alisikiliza huku mguu ukikanyaga pedali. Akitaka kusema jambo, aliinua mguu, cherehani ikanyamaza, na wote wakageuka.

Wangeanza na uchaguzi au mpira, lakini mwisho wa safari ulikuwa mmoja: mtaro. Ulikuwa mtaro wa udongo, wazi, unaoteremka toka sokoni hadi mtoni, umejaa mifuko ya plastiki, magodoro yaliyooza na kila kitu ambacho watu wa juu hawakukitaka. Mvua ikinyesha, ulifura na kuingia vyumbani. Kwenye ukuta wa chumba cha mama mkwe kulikuwa na mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, kila mstari na mwaka wake.

Siku iliyobadili mambo, mvua ilikuwa imekatika kama saa nne hivi asubuhi. Mama Mkaa alikanyaga ubao wa kuvukia, kama alivyoukanyaga maelfu ya mara, na ubao ukapinduka. Kinyozi na wanaume wawili wapita njia walimtoa mtaroni, wakitumia mita tano za kitambaa cha mapazia ambacho Fundi Redio alikitupa kwao bila kufikiri ni cha nani. Paja lilikuwa limevunjika. Gari halikuweza kupita kwenye tope, wakampakia kwenye mkokoteni, naye njia nzima hakulia, alitukana tu. Wiki ya tatu akafia hospitali.

Baada ya maziko kinyozi hakuleta kigoda chake kwa siku kadhaa. Gazeti la Mwalimu lilikaa limekunjwa. Ndipo Fundi Redio akainua mguu.

"Tutazungumza mpaka lini?" akauliza. "Kila siku tunasema, tunasema. Nani anatusikia hapa? Mimi na hii cherehani?"

"Unataka tufanye nini sasa?" kinyozi akajibu. "Tuchimbe kwa vijiko?"

"Tuandike barua."

Kinyozi akacheka, lakini Mwalimu hakucheka. Alasiri ile ile akaanza kutunga, na Fundi Redio akaandika, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na mkono wa Mwalimu haukutulia. Walieleza urefu wa mtaro, nyumba zinazofurika, watoto wanaougua matumbo, na Mama Mkaa wakamtaja kwa jina lake kamili, jina ambalo wengi walilisikia kwa mara ya kwanza. Wakaomba mtaro upanuliwe na kujengwa kwa zege. Kisha Fundi Redio akajifunga kanga kiunoni, akapita nyumba kwa nyumba. Alikusanya sahihi sitini na tatu. Wengine walisaini kwa hasira, wengine kwa matumaini, wengine kwa sababu tu aliyesimama mlangoni ni yeye. Mama mkwe alitia dole gumba.

"Mara ya mwisho kidole hiki kuchovya wino ilikuwa ndoa yangu," alisema. "Na unajua nilivyojutia."

Ofisi za halmashauri Fundi Redio alizifuata mara tatu. Mara ya kwanza afisa yupo mkutanoni, mara ya pili yupo safarini, mara ya tatu akapatikana karani aliyegonga muhuri kwenye nakala yake bila kumtazama. Alirudi na ile nakala kifuani kama mtu aliyebeba kitoto kichanga. Wakangoja. Miezi minane ikapita, kinyozi akawa anamwita "Mheshimiwa" kwa kejeli.

Basi, asubuhi moja wakatokea watu watatu wenye makoti ya rangi ya machungwa, na chombo cha kupimia chenye miguu mitatu. Habari ilivuka mtaa kabla hawajakifunga kile chombo. Wanawake walipiga vigelegele. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, akatoka na mashine mkononi, na safari hii alisema "Mheshimiwa!" akimaanisha. Fundi Redio aliwatolea wageni viti, akawapa maji ya kunywa. Kijana wao mmoja alipokosa mtu wa kumshikia ncha ya futi yao ndefu, Fundi Redio alisema, "Lete nishike, hii ndiyo kazi yangu." Akaishika ncha ile, akaibana kwenye kona ya nyumba yake mwenyewe, nao wakasoma na kuandika.

"Mtaro utakuwa mkubwa?" aliwauliza.

"Mkubwa, mama. Na barabara ya kupita magari kandokando."

Usiku ule hakupata usingizi kwa furaha.

Wiki mbili baadaye walikuja wengine, hawa na ndoo ya rangi nyekundu. Hawakukaa kwenye viti. Walipiga alama ya X kwenye nyumba kumi na saba, kingo zote mbili za sehemu ya chini, kuanzia kwa mjukuu wa marehemu Mama Mkaa mpaka kwa Fundi Redio na chumba cha kinyozi. Kwake waliipiga juu ya mlango wa barazani, rangi ikachuruzika hadi kwenye kitasa. Siku thelathini za kuhama, walisema. Eneo ni hifadhi ya mtaro.

Jioni hiyo baraza ilijaa kuliko siku yoyote, ila hakuna aliyekaa.

"Nani aliwaita hawa watu?" kinyozi akauliza, ingawa alijua. "Nauliza tu. Nani?"

"Tuliwaita sote," Mwalimu akasema. "Sahihi ziko sitini na tatu."

"Wewe nyumba yako iko juu, Mwalimu. Usinichefue."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamgeukia Fundi Redio. "Ulikuja kwangu na karatasi, dada. Hata sikuisoma. Nilitia sahihi kwa kukuheshimu wewe."

"Na mimi nimepigwa alama," Fundi Redio akajibu. "Hamuoni? Hiyo hapo juu ya mlango."

"Yako uliitafuta," akasema yule mama, akaondoka.

Kesho yake Fundi Redio alivaa gauni la kwendea harusi, akaenda halmashauri. Safari hii hakuzungushwa; afisa mwenyewe alimkaribisha ndani akamvutia kiti. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, na upole wake ndio uliomvunja nguvu mama wa watu, kwani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Afisa alifungua faili. Karatasi ya kwanza ilikuwa ile barua.

"Sisi mradi huu hatukuwa nao kwenye mpango," akasema. "Ninyi wenyewe ndio mliouomba. Na mmeuomba vizuri kweli. Nani aliandika? Mwandiko wa kupendeza."

"Ni mimi."

"Ah," afisa akasema, akavua miwani.

"Naomba niichukue, baba. Tumeghairi."

"Barua ikishaingia faili haitoki, mama. Ningekuwa na uwezo huo ningekusaidia."

Fundi Redio akamwonyesha na hati ya nyumba. Mumewe alinunua kwa karatasi ya makubaliano, mashahidi wawili na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Karatasi ile, afisa alieleza taratibu, akirudia mara mbili ili aelewe, haikutambulika. Fidia hakuna. Fundi Redio aliikunja tena kwenye mikunjo yake ile ile ya zamani, akashukuru. Njiani alijishangaa kwa nini ameshukuru.

Tingatinga lilikuja Jumanne, saa tatu. Mwalimu alimsaidia kutoa cherehani, yeye kichwa cha mashine na Mwalimu meza yake, wakipumzika kila hatua kumi. Vitanda vilikuwa vimeshatolewa siku iliyotangulia. Mama mkwe walimkalisha kwenye kiti cha plastiki upande wa pili wa barabara, naye akataka kiti kigeuzwe, aipe nyumba mgongo.

"Mama, usije ukajuta. Geuka uone," Fundi Redio akamwambia.

"Nione nini? Masikio ninayo."

Ukuta wa chumba chake ulianguka wa pili. Kabla haujalala chini, ile mistari ya tope ilionekana mchana kweupe, kila mtu akaiona, kisha ikawa kifusi. Kinyozi alipita akiwa amekumbatia kioo chake kikubwa, mawingu yakitembea ndani ya kioo. Fundi Redio akafungua mdomo amwambie neno. Kinyozi alitazama mbele akapita, kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa. Hajamwona tena hadi leo. Kufikia saa sita kazi ilikuwa imekwisha, na dereva wa tingatinga akaomba maji ya kunawa uso. Hakuna aliyempa.

Walipata chumba kimoja upande mwingine wa jiji, ghorofa ya pili, kwenye jengo ambalo ngazi zake hazina kitu cha kushikia. Mama mkwe alipandishwa kwa kubebwa mgongoni na hajashuka tangu siku hiyo. Cherehani iliwekwa dirishani. Wateja ni wachache: pindo la suruali, zipu, mto wa sofa. Majirani husalimiana kwenye korido na kufunga milango. Wakisimama ngazini kulalamikia umeme au maji, Fundi Redio hukanyaga pedali zaidi ili asiwasikie.

Kilichomuuma si ukimya wa majirani. Ni wa mama mkwe. Ulimi ule uliochemsha mtaa mzima ulipungua wiki hata wiki. Hagombani tena juu ya chumvi. Anakula anachopewa, na kila jioni anauliza swali moja tu, kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuchosha wenyeji: kwetu tunarudi lini?

Mwalimu alikuja kuwaona mara moja, mvua zilipokuwa zimeanza. Alikuwa amekonda, suruali ameishika kwa mkono ndani ya mfuko. Aliketi kitandani akahema kwanza, ndipo akatoa habari. Walichimba hatua kama arobaini. Kisha mitambo ikachukuliwa kwa kazi nyingine, na sasa pale zilipokuwa nyumba kuna bwawa. Maji yamekosa kuta za kuyazuia, yanapanda hadi nyumba za juu. Kwake yaliingia Ijumaa.

"Tuandike tena," akasema. "Nimeshaanza kutunga kichwani. Safari hii tuwaambie..."

Cherehani ilinyamaza. Mwalimu alidhani anataka kusema jambo, akangoja.

"Mwalimu," akasema Fundi Redio, "vua hiyo suruali nikupunguzie kiuno. Jifunge kanga hiyo."

Mzee akatii. Alikaa pale amejifunga kanga, magoti yake membamba yakiwa nje, na Fundi Redio akaishona suruali polepole, akirudia mshono mara mbili. Hawakuzungumza tena habari za mtaro. Walizungumza habari za macho, kwamba ya Mwalimu yanafifia, na kwamba gazeti sasa anasomewa.

Alimsindikiza hadi chini, akimshika kiwiko kwenye zile ngazi. Aliporudi, mama mkwe alikuwa amekaa wima kitandani.

"Alikuwa nani yule?"

"Mwalimu, mama."

"Kasema tunarudi lini?"

"Hakusema," Fundi Redio akajibu, akaenda kufunga dirisha, kwani mvua ilikuwa inaingia.