Niliyomwambia Mgeni Juu ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alianza kucheza mpira wa Kiaustralia akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye bustani moja kusini mwa London, kwa sababu mwalimu wake wa michezo alitoka Australia. Mpira wenyewe umechongoka kama yai. Unashikwa kwa mikono, unapigwa teke, na wachezaji hurukiana mabegani kuudaka. Mama yake, binti yangu, hufanya kazi Jumamosi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka. Tulipanda basi kutoka Woolwich na chupa ya chai, nikasimama pembeni mvua ikininyeshea, mzee pekee mwenye kofia ya kudarizi.

Nilijifunza mchezo huo vizuri kuliko kitu chochote tangu nimalize sekondari Mombasa. Nilijua anapiga kwa miguu yote miwili, na wa kushoto ndio wenye shabaha zaidi akiwa mbioni. Nilijua anaona mpira utakapoangukia kabla ya wenzake, ndiyo maana alionekana kama hakimbii sana. Udhaifu wake niliujua pia: hukaba kwa kuchelewa, na akikosea mara moja hunywea robo nzima ya mchezo. Hayo yangerekebishika. Yale mengine hayafundishiki.

Basi akaja mwanamke kutoka Australia, anayetafuta wasichana wa kwenda kujaribiwa na timu ya huko. Alikuwa amemwona mjukuu wangu akicheza mara mbili tu, na nafasi ilikuwa moja. Akaomba kuzungumza na jamaa zake. Binti yangu alikuwa zamu, nikampokea mimi kwa chai ya tangawizi na mahamri. Mjukuu wangu alikaa kwenye mkono wa kochi, amevaa jezi ya timu, anajikaza asitabasamu.

Mgeni akaniuliza: wewe umemtazama kila wiki, unamwonaje?

Kwetu, mtu hamsifu mtoto wake mbele ya mgeni. Ukimsifu unamtafutia kijicho, na unaonekana huna adabu. Unamponda kidogo, mgeni anakataa, anamsifu yeye, na mambo yanaishia kwenye kicheko. Ndivyo mama yangu alivyonisema mimi, na ndivyo nilivyomsema binti yangu.

"Huyu?" nikasema kwa Kiingereza. "Huyu bado sana. Mvivu. Akiguswa kidogo analia."

Nikangoja akatae. Hakukataa. Akauliza kwa upole kama analia mara nyingi. Nami, mjinga, nikadhani anaendeleza utani, nikasema kila Jumamosi, tena nyumbani hata kikombe hawezi kuosha. Akanishukuru kwa kusema ukweli. Hakumaliza hamri lake.

Mlango ulipofungwa, mjukuu wangu, ambaye amezaliwa hapa na hunijibu kwa Kiingereza siku zote, aliniuliza kwa Kiswahili.

"Babu, ndivyo unavyoniona?"

"Hayo ni maneno ya kumwambia mgeni tu, mama. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

Nafasi alipewa msichana mwingine wa timu hiyohiyo, ambaye baba yake, nasikia, alimsifia mpaka chai ikapoa. Kwa kudaka, hafikii nusu ya mjukuu wangu. Nilimpigia simu yule mwanamke nikamweleza yote: mguu wa kushoto, macho yake kwa mpira, hata ule udhaifu wa kukaba. Alinisikiliza. Kisha akasema mababu wengi hubadilisha maneno matokeo yakishatoka.

Nimejaribu kuilaumu Uingereza, na mila, na uzee. Haisaidii. Nimeishi London muda wa kutosha kujua kwamba hapa mtu akiulizwa jambo, jibu lake huchukuliwa kama lilivyo. Kazini nilijua. Benki nilijua. Siku ile nilitaka nionekane mzee mwenye adabu, na aliyelipia adabu yangu ni mtoto.

Bado anacheza, mama yake ndiye aliyeniambia. Jumamosi hutoka mapema na begi lake, na nikimuuliza mechi iko wapi, hunijibu kwa Kiingereza kwamba ni mbali, na kuna baridi.