Mayai Yaliyopoa

Ilianza Jumatatu saa tisa alasiri, nikiwa kidato cha tatu, katika shule moja karibu na soko la Kathonzweni. Mwalimu wa bayolojia alipasua yai lililolaliwa siku tatu. Juu ya kiini kulikuwa na kidoa chekundu kikidunda. Miguu hakuna, macho bado, lakini moyo ulikuwa kazini.

"Mwanzoni seli zilifanana," akasema. "Mahali kila moja ilipojikuta, na ilichoambiwa na majirani, ndivyo vilivyoamua hii iwe moyo, ile iwe jicho."

Nilitaka kuuliza majirani hao wanaambianaje bila mdomo. Sikuuliza. Nikisimama darasani ulimi hukauka. Wenzangu waliniita Ukuta.

Nyumbani nikamkuta mama na karai la mayai. Mvua ilikuwa imewatoa siafu, wakamfukuza kuku wangu kiotani, mayai yakakaa wazi tangu mchana. Kuku huyo nilipewa na nyanya, na hayo ndiyo yalikuwa mayai yake ya kwanza kulalia.

"Haya ni ya mbwa sasa," mama akasema. "Yai likipoa limekufa."

"Mwaitu," nikamsihi mama, "tungoje kidogo. Kuku akienda kula, si yanapoa pia?"

"Kuku gani hula mchana mzima? Ama ni huyo mwalimu wenu anayetaga?"

Nilicheka, naye akacheka, na hapo nikapata nguvu. Nikamweleza kile kidoa, na vile seli zinasikilizana mpaka kila moja inajua kazi yake. Labda zile za mayai yetu zilikuwa zimepunguza mwendo tu kwa baridi. Sikuwa nimewahi kuongea hivyo nikimwangalia mtu usoni.

"Haya. Lakini kesho yakiwa hayana kitu, mbwa atakula."

Siafu walikuwa wameshapita. Tukarudisha mayai kiotani pale jikoni, tukakizungushia jivu, kuku akarudi akinung'unika.

Asubuhi kabla ya shule niliingia jikoni kungali giza, nikatoa yai chini ya kuku, nikaliweka kwenye mdomo wa tochi na kulizungushia viganja. La kwanza halikuwa na kitu. La pili pia. Mama alisimama nyuma yangu. Ndani ya la tatu kulikuwa na mishipa kama utando wa buibui, na katikati doa likicheza.

Mama aliinama akaangalia sana.

"Kumbe kuna mtu," akasema. "Mrudishie kuku. Haraka, lisipoe tena."

Nikarudisha, nikanawa, nikaenda shule. Mwalimu wa bayolojia alipoingia nilisimama. Ulimi ulikauka kama kawaida, nikauliza hivyo hivyo.