Gari Lililokunywa Maji Yetu

Wiki iliyopita gari langu lilichemka nikiwa napanda kwenda Newala. Nilikuwa nimebakiza kona mbili nifike juu. Nikasimama pembeni, nikasubiri lipoe, kisha nikamimina kwenye rejeta chupa tatu za maji ya dukani, moja baada ya nyingine, bila huruma. Nilipomaliza nikakaa juu ya jiwe, nikashangaa machozi yananitoka. Mtu mzima na gari lake, analia barabarani kwa sababu ya maji! Ngoja nikueleze, maana huenda wewe hukukulia Mnyambe.

Sisi wa kule juu tulikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Korosho tulikuwa nazo, mihogo tulikuwa nayo, na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, tuliila mpaka tukaichoka. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, kijiji kizima kilinuka utamu uliochacha. Maji yalikuwa bondeni. Mama aliteremka alfajiri na kurudi jua limeshapanda, ndoo kichwani, shingo imekakamaa. Maji tuliyonawia uso ndiyo tuliyooshea miguu, na yakibaki ukapewa mpapai. Mtoto akimwaga ndoo, jirani alijua kabla ya chakula cha mchana.

Ikaja miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Masasi yakajaa vitu, na wanunuzi binafsi wakaanza kugombea korosho zetu. Baba alikuwa amemwahidi mama kwamba msimu ukiwa mzuri atanunua mabati na tangi la kukingia mvua. Msimu ukawa mzuri. Siku aliyokwenda Masasi tulifagia uwanja mzima, mama na mimi, tukakaa kusubiri lori la mabati.

Kilichokuja kilikuwa kinasukumwa na watu sita. Gari dogo, jekundu, la milango miwili, na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Baba alilinunua kwa mgeni mmoja, mtaalamu wa visima, aliyekuwa anarudi kwao Ulaya.

"Gari la mbio hili!" baba akasema, jasho linamtiririka.

Hakuna aliyemuuliza mbio za kwenda wapi, na barabara yetu ilikuwa mchanga mtupu. Rejeta ilikuwa inavuja. Kutoka Masasi lilikuwa limekunywa madebe manne, yote ya kuombaomba njiani.

Mama alilizunguka mara moja tu. "Baba Zai, na hili nalo linakunywa maji?"

"Kidogo tu, Mama Zai. Likipona halitakunywa tena."

Siku ya tatu mama alikwenda Lukuledi, kwa kaka yake. Aliniacha mimi, na aliniacha makusudi. Kwetu mwanamke anayeondoka moja kwa moja huondoka na watoto wake. Anayeacha mtoto anamwambia mumewe: nifuate. Mume naye humchukua mtu mzima mmoja wa upande wake, wakaenda kwa miguu, wakakaa kwenye uwanja wa mjomba, wakaomba radhi. Mambo ya siku mbili tatu. Hata mimi wa darasa la tatu nilijua hivyo.

"Baba Zai, unangoja nini?" jirani yetu alimuuliza. Ndiye aliyekuwa ananipeleka bondeni sasa, na ndoo yangu ndogo.

"Nitakwenda gari likipona," baba akasema. "Nataka arudi amekaa kiti cha mbele."

Basi, gari likaanza kazi ya kupona. Baba hakuwa fundi, alikuwa mkulima mwenye spana tatu za kuazima. Matundu ya rejeta aliyaziba kwa utomvu wa mkorosho, ule tuliobandikia madaftari shuleni. Ulikauka vizuri, ukang'aa, tukafurahi. Injini ilipopata moto utomvu uliyeyuka wote, ukaingia ndani, ukaziba vijia vya maji. Gari likachemka mpaka gasketi ya silinda ikaungua.  Fundi mmoja wa Newala alipolifungua na kuchungulia, aliuliza kama tulitaka kupika uji. Baba alicheka, lakini usiku huo hakula.

Gasketi ikaagizwa Dar es Salaam. Mvua ikakata barabara ya kusini, tukangoja. Ilipofika, haikuwa ya gari lile, tukangoja tena. Msimu wa mabibo ukapita, ukaja mwingine. Nilikuwa mpweke, nakwambia kweli. Nikitoka shule nilikuta miguu ya baba imetokeza chini ya gari, nikazoea kuzungumza na ile miguu: leo tumefundishwa hiki, leo nimemaliza unga. Miguu ilikuwa inajibu, "Vizuri, mama. Nipe ile kumi na tatu." Nikampa spana. Nikajua sauti zote za injini ile, ya kukosa mafuta, ya plagi chafu, ya mkanda uliolegea. Sauti ya mama ndiyo iliyokuwa inanipotea.

Siku lilipopona, baba aliliosha. Kwa maji! Ndoo nzima, niliyoiteka mimi, na majirani wanaangalia. Akavaa shati lililopigwa pasi, tukateremka Newala kwenda Masasi, tukapita chini ya vile vilima vya mawe, mpaka Lukuledi. Lilikimbia kweli. Nilikaa nyuma na dumu la maji mapajani, kiti cha mbele kikiwa kitupu kinamsubiri mwenyewe. Rejeta haikuomba hata tone. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Baba alimwamkia mjomba, akaitikiwa. Mama akatoka ndani. Alikuwa amenenepa kidogo, shingo yake imelegea. Bomba lilikuwa pale pale uani. Alinikumbatia muda mrefu, kisha akakinga maji kwenye kikombe, akampa baba kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni.

"Mama Zai, limepona," baba akasema. "Nimekuja kukuchukua."

"Nimeliona. Zuri." Akaketi barazani. "Mwaka mzima nilikuwa nakaa hapa barazani naangalia njia. Ungekuja kwa miguu wiki ile ya kwanza, ningerudi na wewe. Ningebeba ndoo, na wewe ningekubeba."

Baba alitazama viatu vyake. Mama akanishika mkono. "Mtoto anabaki."

 Baba alininyanyua, akanishusha, akaenda kulitia gari ufunguo. Liliwaka mara moja. Nilisimama nikilisikiliza likiondoka, nikitafuta kasoro, plagi, mkanda, chochote kitakacholisimamisha. Halikuwa na kasoro hata moja. Tulikuwa tumelitengeneza vizuri.

Gari lile baadaye aliliuza Masasi, na sijui liliishia wapi. Uwanja wetu wa Mnyambe sasa ni wa watu wengine, na nimesikia wana tangi. Baba na mama wote wamekwisha tangulia. Lakini kila likizo, mpaka nilipomaliza shule, baba alikuwa anakuja Lukuledi kuniona. Alikuwa anashuka kwenye basi mbali, kule njia panda, hata kama basi linapita mlangoni kwa mjomba. Kipande kilichobaki alikuja kwa miguu, na mama alimwona kuanzia mbali.