Msoma Mita na Mbwa Mwenye Sifa Mbili

Saa mbili asubuhi, msoma mita za maji anaokota kijiwe na kugonga geti la bluu. Halisukumi. Anarudi nyuma kidogo, anainamisha kichwa na kusikiliza.

"Hodi ya kwanza ni ya mbwa," anasema kwa sauti ya chini. "Ya pili ndiyo ya wenye nyumba."

Hakuna kinachobweka. Anagonga tena, mama mmoja anaitikia kutoka jikoni, naye anaingia, anafunua mfuniko wa mita na kupangusa kioo kwa kidole gumba. Hakawii, yuko nje, kwenye geti la jirani. Mtaani wanamwita Mita, na jina lake la kuzaliwa wengi hawalijui wala hawana haja nalo.

Mita ameng'atwa mara tatu akiwa kazini. Kovu moja liko kwenye shavu la mguu, jingine kiwikoni, la tatu anakataa kulionyesha. "Hilo muulize daktari," anasema na kucheka peke yake.

Sasa mtu wa namna hiyo ungetegemea afuge nini? Kuku, labda. Tena kuku wapole. Kumbe chumbani kwake, kwenye nyumba ya kupanga, analala rotwaila: mweusi tii, kifua kipana, madoa ya kahawia juu ya macho, mbwa wa aina ile ambayo watu wakiiona wanavuka barabara. Anaitwa Bosi.

"Hata mimi sijielewi," anasema Mita. "Dada yangu mkubwa aliposikia kwenye simu, aliniuliza kama nimelogwa. Nikamwambia, dada, inawezekana."

Walikutana kazini. Mita aliingia nyumba moja akakuta mita haijasogea kabisa tangu aliposoma mwezi uliopita. Maji hayatumiki, basi watu wamehama. Alikuwa anarudisha mfuniko aende zake, akasikia mnyororo ukiburutwa nyuma ya nyumba.

"Mbavu zote nje, sufuria la maji kavu," anasimulia. "Nikasema huyu akinirukia leo, haki yake. Hakuruka. Alikaa chini akanitazama. Nikammiminia maji yangu ya kunywa, haki ya Mungu."

Mwenye mbwa, aliyekuwa amehama, alipopigiwa simu alijibu kwa ufupi: "Mchukue tu."

Mita alimpeleka kwa daktari wa mifugo. Bosi akachanjwa kichaa cha mbwa, akahasiwa, akapewa dawa ya minyoo. Daktari alimweleza kwamba mbwa wa aina hii ana nguvu nyingi, anahitaji mazoezi, kuzoeshwa watu, na mwenyewe asiyebadilika-badilika. Tangu hapo wanatembea pamoja kabla ya kazi na baada ya kazi, kamba fupi mkononi, na mbwa amevishwa mdomoni kikapu cha ngozi cha kumzuia asiume.

"Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma," anasema. "Nikimvisha kikapu, watu wanasema kumbe anauma. Nikimvua, wanasema ataanza leo. Nifanyeje, nimvishe nusu?"

Lakini vurugu kubwa aliianzisha mwenyewe. Mwenye nyumba, mzee mstaafu asiyependa wanyama, aligoma mpaka Mita alipomwambia kwamba huyu ni mbwa wa ulinzi, mkali, mwizi hathubutu. Nguo zilikuwa zimeibwa kwenye kamba siku chache nyuma, mzee akakubali. Jioni ileile jirani wa chumba cha pili, fundi cherehani aitwaye Mama Pindo, akaja juu kwa sababu ana mtoto anayetambaa. Kwake yeye, Mita aliapa kwamba Bosi ni mpole, hana neno na mtu.

"Kila mmoja nilimwambia alichotaka kusikia," anakiri. "Ukweli wenyewe nilikuwa siujui."

Jumamosi mambo yanakutana uani, Bosi akiwa amelala miguuni pa Mita. Mwandishi wa makala haya yupo, amekaa kwenye stuli, miguu ameikunja juu kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mzee anaingia.

"Shikamoo, mzee," anasema Mita.

"Marahaba. Sijawahi kumsikia mbwa wako akibweka hata siku moja. Leo nataka nimwone kazini." Anatazama huku na huku, macho yake yanamwangukia mwandishi. "Wewe mgeni. Toka nje, halafu uingie unanyata kama mwizi."

"Mimi, mzee?"

"Kwani kuna mwingine?"

Mita anapiga hesabu haraka. Bosi akibweka, Mama Pindo, ambaye amesimama mlangoni kwake na mtoto kiunoni, atataka aondolewe. Asipobweka, mzee atamfukuza. Mita anakagua kikapu cha mdomoni, anaishika kamba kwa mikono miwili. "Pita tu," anamwambia mwandishi, "ila usimkodolee macho."

Mwandishi ananyata. Ananyata vizuri sana, maana woga unamsaidia. Bosi anainuka, anasogea hadi kamba inapoishia, ananusa viatu, kisha anaegemeza ubavu wake wote kwenye miguu ya mwizi na kushusha pumzi ndefu.

Mama Pindo anaangua kicheko. Mzee hacheki.

"Umenidanganya, kijana. Huyu ni godoro."

"Nisamehe, mzee. Nilikuwa natafuta pa kumweka."

"Basi mfanye mkali. Mfunge mnyororo kule nyuma ya choo, asione mtu, chakula kidogo kidogo. Muda si mrefu utamwona. Kama hutaki, mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

Mita anainama, anapandisha mguu wa suruali na kuliacha kovu wazi.

"Ni kweli, mzee, atakuwa mkali. Wote walioning'ata mimi walikuwa wanafungwa hivyo hivyo, siku ya siku mnyororo ukakatika. Siwezi kumtengeneza mwingine aje amng'ate mwenzangu. Chumba chako utakipata."

Mtoto wa Mama Pindo anavuta kitenge cha mama yake.

"Baba, ngoja kwanza," Mama Pindo anamwambia mzee. "Nyuma ya choo ndiko ninakopita na mwanangu kila siku. Akifungwa huko, na mimi nahama."

"Wewe si ndiye uliyemkataa?"

"Nilimkataa, na mpaka sasa namwogopa. Lakini afadhali nimwogope akiwa ameshiba."

Mzee anavua kofia, anajikuna kichwa, anaivaa tena. Anamtazama fundi, anamtazama Mita, anamtazama mbwa. "Nyumba yangu mwenyewe siielewi," anasema, na kutoka bila kutoa jibu.

Hadi makala haya yanaandikwa, hajalitoa. Mita ameanza kuulizia vyumba kwingine, vyenye ua, endapo mzee atamtoa.

"Huko nako utaulizwa," mwandishi anamkumbusha. "Ni mkali au ni mpole?"

Mita anamkuna Bosi nyuma ya sikio.

"Nitasema sijui," anajibu. "Ndiyo kwanza tunajuana, na ni mbwa, ana meno. Nitasema sijui, ndiyo maana hii kamba haitoki mkononi mwangu."