Mama anajifunza kusema "fresh"

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza Form Four na nilikuwa nangoja matokeo. Mimi kungoja siwezi. Nilikuwa na daftari ya shule iliyobaki na kurasa, nikaifanya diary, na karibu kila siku niliandika kitu kimoja tu: leo pia hakuna kitu.

Mama alikuwa anauza samaki. Asubuhi anashuka bichi ya Dunga, huko ziwani, kwa miguu, ananunua ngege, yaani tilapia, kwa wavuvi, anaweka kwa karai, karai juu ya kichwa, halafu anazunguka mtaa wa Kaloleni mlango kwa mlango. Jioni nilikuwa namkanda shingo na mafuta ya kupikia. Shingo ilikuwa ngumu kama ubao, na kila mwezi ilizidi. Kwa hivyo siku jirani yetu alipokuja kutuambia habari ya hoteli, hata mimi niliweka kalamu chini nisikie vizuri. Huyu jirani alikuwa mpishi kwa hoteli moja huko karibu na ziwa.

"Wanatafuta mtu mmoja wa kuwaletea samaki kila wiki," akasema. "Unaleta, unaacha, unarudi nyumbani. Hakuna kuzunguka. Lakini madam wa jikoni ni mzungu mgeni, Kiswahili hana. Anauliza tu, 'Is it fresh?' Ukimjibu vizuri, umeingia."

"Mwalimu niko naye hapa kwa nyumba," Mama akasema, akaniangalia.

Tulianza hiyo jioni. Mimi nimekaa kwa stuli na kamusi, Mama ameinama anasugua sufuria na jivu.

"Rudia, Mama. The milk is fresh. The bread is fresh. The air is fresh."

Akaacha kusugua. "Air ni nini?"

"Hewa."

"Hewa! Hewa imetoka kwa wavu gani?"

"Mama, rudia tu."

"Siwezi kurudia kitu sijaelewa. Hiyo fresh ni nini?"

"Ni kitu mpya."

"Viatu vyako vya Krismasi ni fresh?"

"Hapana, hivyo ni new."

"Si umesema mpya?"

Nikafungua kamusi, nikaisoma, nikaifunga. Hasira yangu iko karibu, kila mtu kwetu anajua. Nikamwambia basi, fresh ni kitu cha kula ambacho kimetoka leo.

"Leo saa ngapi?"

"Mama!"

"Nauliza. Wavu unalala ndani ya maji usiku mzima. Ngege nyingine inaingia jioni, inakufa hapo hapo. Nyingine inaingia alfajiri. Asubuhi mvuvi anazimwaga zote pamoja. Hiyo ya jioni ni fresh?"

"Kama imefika hapo ufuoni leo, ni fresh. Hakuna mzungu atakuuliza samaki alikufa saa ngapi."

 Mama alichukua ngege moja aliyotuwekea ya kupika, akaifungua shavu na kidole. "Hapa ndani ikiwa nyekundu, hiyo ni fresh. Ikiwa imepauka kama maji ya kuosha nyama, hiyo ni ya kukaanga. Sasa nimeelewa. Leta sentensi."

Kwa siku tatu nyumba yetu ilikuwa fresh. Mboga ni fresh, maziwa si fresh, chai ya asubuhi ni fresh, ya kupasha si fresh. Nilimwambia chai haisemwi hivyo. Akasema, "Kwa nini? Si hiyo nyingine imelala?" Nikaandika kwa diary kwamba mwanafunzi wangu ana kichwa ngumu.

Siku ya kwenda hotelini tulishuka Dunga pamoja. Kazi ya Mama huko bichi ilikuwa hivi: akishanunua, anamwaga samaki kwa nyasi, anafungua shavu moja moja, anazitenga mafungu mawili. Wavuvi wenyewe walikuwa wanamcheka, wanasema anazihesabia meno. Siku hiyo jua lilikuwa limepanda na jirani alikuwa ametuambia saa mbili.

"Mama, twende! Tutachelewa."

"Sijachagua."

"Utachagua siku nyingine! Zote zimetoka leo."

Aliangalia jua, akaniangalia mimi. Akazirudisha zote kwa karai, akabeba, tukaenda mbio.

Kwa mlango wa nyuma wa jikoni ya hoteli tulikuta mama mwingine muuzaji, amevaa kitenge cha njano, amefika kabla yetu.

"Very fresh, madam!" anasema. "Very very fresh! Too much fresh!"

"All of it?" madam akauliza. Alikuwa mwembamba, na miwani kwa kamba.

"All! All! Even the small one!"

Madam akabonyeza samaki mmoja tumboni. Kidole kiliingia, na kilipotoka shimo lilibaki. Akatingisha kichwa. Yule mama alitupita akibeba ndoo yake, akatuambia, "Huyo hataki samaki, anataka vita."

Sasa sisi. Madam akauliza lile swali. Jibu nilikuwa nimemwimbisha Mama njia yote: Yes, madam, the fish is fresh.  Mama akashusha karai, akachuchumaa, akatoa ngege moja, akafungua shavu.

"Fresh," akasema. Akaiweka kulia.

Ya pili. "Fresh." Kulia.

Ya tatu akaiangalia sana. "Not fresh." Kushoto.

Nilisikia joto mpaka masikioni. Nikamnong'oneza kwa Dholuo, "Mama, unafanya nini? Sema zote!"

"Zote si zote. Wewe ndiye ulinikimbiza kule bichi. Sasa ngoja nichague."

Jirani yetu alikuwa amesimama nyuma ya madam, mkono juu ya kichwa kama mtu aliyefiwa. Mama aliendelea mpaka karai ikaisha. Kushoto zilikuwa nyingi mpaka sikuweza kuziangalia, na zote zilikuwa kosa langu.

Madam akainama. Akachukua moja ya kushoto, akafungua shavu, akanusa. Akachukua moja ya kulia, akafanya hivyo hivyo. Halafu akaonyesha za kushoto. "And these?"

"Yesterday fresh," Mama akasema. "Today..." Akanigeukia. "Kukaanga wanasemaje?"

"Fry," nikasema.

"Today fry."

Madam akacheka mpaka miwani ikaanguka kwa kamba yake. Akaniambia mimi, haraka haraka, kwamba anataka Jumanne na Ijumaa, na anataka zile za upande wa kulia tu.

"Anasema umeingia, Mama! Jumanne na Ijumaa."

Mama hakuruka. Alifuta mikono kwa leso. "Mwambie saa mbili haiwezekani. Nitakuja saa nne. Kuchagua kunataka muda."

"Mama, kubali kwanza!"

"Mwambie. Na ziwa likichafuka, siku hiyo naleta kidogo ama siji."

Nilimwambia yote, neno kwa neno, nikiangalia sakafu. Madam akatazama saa ya ukutani. "Ten o'clock is fine," akasema.

"Anasema nini?"

"Amekubali."

"Basi mwambie hii karai ni nzito. Awe anatuma mtu ananipokea hapo getini."

Hiyo sikutafsiri. Nilirudisha samaki za kukaanga ndani ya karai, nikajitwika mwenyewe.