Ushanga wa Thelathini

Kaka yangu alifariki akiwa amebakiza ushanga mmoja. Waliokuja kutupa pole walikuwa wakiuliza marehemu kaacha nini, na hilo ndilo lililokuwa likinijia mdomoni kwanza, nikalimeza. Kaacha mke. Kaacha kibanda cha kutengenezea simu hapo Chake. Kaacha mashine ya gemu, na ndani ya mashine kamwacha malkia aliyekufa, amekaa kisimani anamsubiri.

Gemu lenyewe ni la nchi ya milima na theluji, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukigusa katika ukoo wetu. Kuna joka linachoma vijiji, na kazi ya mchezaji ni kuliua hilo joka. Kaka hakulijali. Mwanzoni tu mwa safari alifika kwenye kisima akakuta mzuka wa malkia, kajitanda nguo nyeupe uso mzima, akaambiwa kwamba wezi walivunja kaburi lake wakatawanya shanga zake thelathini nchi nzima, na hatapumzika mpaka zirudi zote. Basi. Watu wakaendelea kuchomwa moto, kaka akaenda kutafuta shanga. Alitafuta miaka miwili, kila siku baada ya kazi, mapangoni, chini ya madaraja, matumboni mwa samaki. Akapata ishirini na tisa.

Mambo yote katika gemu yalikuwa kwa Kiingereza, lakini nyumbani kwa kaka malkia alisema Kipemba, kwa sababu kaka alimtafsiria mkewe kwa sauti ya bibi yetu. Wifi yangu ni mtu wa bara. Kwao ni mbali, mwendo wa boti na siku nzima ya basi. Alikuja Pemba kufundisha, akasilimu, akaolewa, na kusema kweli sisi ndugu wa mume hatukuhangaika sana kumjua. Tulikuwa tukimsalimu vizuri na kumpelekea sahani ya pilau sikukuu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikienda pale kumtembelea kaka, na kaka akiwa hayupo nilikuwa nageuzia mlangoni.

Siku chache kabla hajafa, hospitali, alinishika mkono.

"Umebaki mmoja tu," akasema. "N'tafutie weye."

"Utautafuta mwenyewe ukirudi," nikamwambia, kwa ukali, kama mtu anayemkatalia mtoto peremende. Niliogopa kwamba nikikubali nitakuwa nimekubali na jingine.

"Na mashine usiihamishe. Utafutie papo hapo, kwangu."

Nilidhani ana wasiwasi na nyaya zake. Hakurudi nyumbani. Neno la mwisho la maana aliloniomba nilimkatalia, na sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko kulikumbuka neno hilo ukiwa unafua au unasahihisha madaftari.

Mashine ilikuwa ya wifi, hilo halikuwa na mjadala. Naye alikaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ile ile, na eda ikimalizika angerudi kwao na vitu vyake. Kwa hiyo nilikuwa na muda wangu, na nikaanza kwenda kila siku saa kumi, nikishatoka shule na kuswali alasiri. Shangazi yangu mmoja alisikia akaja juu: mji una msiba na wanawake wazima wanacheza gemu! Nikamwambia namliwaza mfiwa. Akageuka, akaenda zake. Nami nikajisifu kwa uongo wangu.

Chumba kilikuwa na kiza mchana kutwa. Wifi alifunga dirisha la barabarani, akakaa pembeni kwenye mkeka na nguo zake zisizo na pambo, kajitanda mpaka kwenye nyusi. Nilipowasha mashine mara ya kwanza, yule mtu wa kaka akatokea pale pale alipoachwa, juu ya theluji, mgongo wake kwetu, pumzi inamtoka mdomoni. Ana tabia moja. Ukiweka pedi ya kuchezea chini ukamwacha dakika moja, anageuza shingo taratibu na kutazama nyuma, kule uliko wewe. Wote hufanya hivyo, wametengenezwa hivyo. Lakini kaka alimpa mabega yake na ndevu zake, na mara ya kwanza alipogeuka, wifi alisema "Bee," kama aliyeitwa.

Siku za mbele nilikuwa nikifika nakuta televisheni tayari inawaka, pedi iko chini, na yule mtu anageuka, anarudi, anageuka.

Nilitafuta kote. Nilirudia mapango yote. Kila baada ya siku chache nilipita kisimani, na malkia alipanda polepole kutoka gizani na nguo yake nyeupe, akahesabu. Ishirini na tisa, anasema. Kisha ananyamaza, na maji yanasikika. Siku moja umeme ulikatika hapo hapo anapohesabu. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake nikamwona mwanamke aliyejitanda, amekaa nyuma ya bega langu. Alikuwa wifi, kwenye mkeka wake, lakini mpaka umeme uliporudi sikuthubutu kugeuka kuhakikisha.

Sasa nieleze kitu ambacho mtu wa kwingine hawezi kukijua. Mimi na kaka tumekulia Pujini, karibu na magofu. Kuna pahala kule panaaguliwa, watu huweka ubani, mayai, marashi, na vipande vya nguo vimefungwa kwenye miti. Tulifundishwa tangu hatujajua kuvaa viatu: ukipita unapiga hodi, unatazama miguu yako, hutii jicho kwenye sahani ya mzimu. Kilichowekwa pale si chako hata kukiona. Nimesoma, nimekuwa mwalimu, najua na dini inasemaje juu ya mambo haya, na bado nikipita pale nazitazama ndala zangu.

Na kwenye gemu, njia panda ya kwenda kisimani, kuna kibanda kidogo cha mawe chenye sahani pana. Kila asiye na haja nacho anapita. Kaka alikuwa akifika pale anachuma ua jeupe la pembeni ya njia, anasema "Hodi" kwa sauti, mwenyewe chumbani, anampigisha mtu wake magoti, anaweka ua, kisha anaushusha mtazamo wa gemu mpaka unaona theluji na buti tu, anaondoka. Kila akipita. Nami nilifanya hivyo hivyo bila ya kufundishwa na mtu. Maua ya gemu hayanyauki. Sahani ilijaa ikawa kilima.

Wiki ya mwisho ya eda nilikuwa nimechoka, na hasira zangu zinajulikana. Wifi alikwisha kununuliwa tiketi ya boti ya Jumamosi. Sanduku lake lilikuwa wazi chumbani, na niliona ameshatenga kanga za kuifungia mashine. Nikaitupa pedi kwenye mkeka.

"Sina nilichomfanyia," nikasema, na machozi yakanitoka kabla sijayajua. "Kitu kimoja tu aliniomba. Nimemkatalia akiwa hai, na sasa nimeshindwa akiwa amekufa."

Wifi alijisogeza ukingoni mwa mkeka.

"Wifi," akasema, "nenda njia panda. Tazama kwenye sahani."

Nikamwambia mle hamna kitu, ni maua ya kaka. Akasema, nenda. Nilimpeleka yule mtu mpaka pale na nikaona ninaogopa. Mimi mtu mzima, mbele ya picha! Nilishusha mtazamo kwa mazoea, nikaona buti.

"Juu," akasema wifi. "Panda juu, tazama."

"Haitazamwi."

"Basi piga hodi kwanza."

Nikapiga hodi. Na kutoka uani sauti ya mwanamke ikaitika, "Karibu." Tulitazamana. Huenda jirani alikuwa akimjibu mgeni wake, kwani kuta za pale ni moja. Sikutoka kwenda kuangalia, na wifi hakunyanyuka.

Nikapandisha mtazamo. Maua meupe, moja juu ya jingine, na katikati yake, chini kabisa, kitu chekundu kinametameta. Kaka yangu alikuwa ameufukia ushanga wake kwa adabu zake. Kila alipopita aliuongezea ua moja, akageuza uso, akaenda kuutafuta milimani.

Gemu halikutoa nafasi ya kuchagua ushanga peke yake. Liliuliza kama nachukua vyote vilivyomo sahanini au naacha. Nikasema siwezi, kula cha mzimu siwezi, hata cha uongo. Wifi akasogea, akaichukua pedi mkononi mwangu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akabonyeza. Sahani ikabaki tupu. Pembeni ikaandikwa: maua mia tatu na kumi na moja, ushanga mmoja.

Tulikwenda kisimani. Malkia alipanda. Thelathini, akasema, na safari hii hakunyamaza. Alizivaa, akafunua uso, na chini ya ile nguo hamkuwa na uso, palikuwa na giza na shanga zimelizunguka. Akasema maneno niliyomfasiria wifi kwa sauti isiyo yangu: "Mikono iliyoniahidi si hii iliyoniletea." Nadhani kila mchezaji huambiwa hivyo, kwa kuwa safari humbadilisha mtu, au kitu cha namna hiyo. Nataka kuamini kila mchezaji huambiwa hivyo. Kisha akashuka, na maji ya kisima yakaacha kusikika.

Nilitegemea furaha. Kilichokuja ni fikra moja tu: ile sahani tumeiacha tupu.

"Tuyarudishe," akasema wifi. Kumbe na yeye lilikuwa limemkaa.

Kuchukua ni mara moja, lakini kuweka ni ua moja moja. Anapiga magoti, anaweka, ananyanyuka. Tulianza, tukipokezana pedi, tukihesabu kwa sauti ya chini kama watu wanaosoma uradi kwa kokwa za tende. Kwenye ua la ishirini hivi ndipo akili ikanirudi.

"Ulijuaje?"

"Niliona kinang'aa siku moja alipokuwa anaweka ua. Nyinyi mkifika pale mnatazama miguu. Mimi sikulelewa hivyo."

"Lini?"

"Kabla hajalazwa."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Miezi minne nimezunguka kwenye theluji kama kichaa, na yeye amekaa mgongoni kwangu ananitazama tu! Nilimwambia hivyo hivyo, na mengine ambayo sitayaandika. Aliniacha nimalize.

"Baada ya arubaini," akasema, "nani mwingine alikuja humu ndani? Hesabu. Ulikuwa unakuja wewe, na ulikuwa unafuata ushanga. Ungeupata ile wiki ya kwanza, ungerudi tena?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua na mdomo. Lakini alikuwa akinitazama usoni, na yule ni mtu aliyenijua, miezi minne alikuwa hana kazi nyingine. Nikaona haya, haya za kweli, za kutamani mkeka unimeze.

"Na yeye," nikauliza, "hukumwambia?"

"Nilimwambia. Wiki ile ile. Alicheka sana, akasema mimi ni mtu wa bara, sina adabu. Halafu akasema, uache hapo hapo, usimwambie mtu."

Nikaweka ua jingine. Lilipotua sahanini ndipo nilipoelewa. Alijua. Siku ile aliponishika mkono akaniambia nimtafutie, na mashine nisiihamishe, niutafutie papo hapo kwake, alikuwa anajua ushanga uko wapi. Alitujua sisi nduguze vizuri. Alijua kwamba kwenda kukaa na mkewe nisingekwenda, ila kitu chake nisingekiacha.

Tuliendelea kuweka mpaka nje wakaadhini magharibi. Wifi akanyanyuka kwenda kutawadha, akasimama mlangoni.

"Yamebaki mangapi?"

"Mia mbili na sabini na moja," nikasema. "Kesho saa kumi nitakuja."

"Mimi boti yangu Jumamosi, wifi."

"Boti zipo kila wiki," nikamwambia.

Akatoka. Nikamsikia anamimina maji uani. Niliiweka pedi chini kwenye mkeka, nikabaki peke yangu na mwanga wa televisheni, na baada ya dakika moja yule mtu akageuza shingo taratibu, akatazama nyuma. Safari hii mimi ndiye niliyeitika.