Helikopta ya Shemeji Ilipokalia Mkia

Helikopta ya shemeji yangu ilikalia mkia mbele ya majaji, na palepale mimi nikaacha kuwa mwizi.

Ngoja niwape mkanda mzima.

Naitwa Radko. Mtoto wa Varna, mji wa pwani ya Bulgaria, nimelelewa na bibi yangu Tsonka kwenye jengo ambalo lifti yake imepumzika kuliko wastaafu wote wa mtaa. Dada yangu Rumyana akaolewa na mtu anaitwa Ognyan, na huyo Ognyan akahamia kwetu. Alikuja na begi moja la nguo na rundo la makasha ya helikopta za plastiki.

Ndiyo. Za plastiki.

Zile zinazokuja vipande vipande, unakata, unabandika gundi, unapaka rangi. Mwanaume mzima, ndevu hizi hapa.

Sina ugomvi na kazi yenyewe. Wapo watu wanaifanya na bado ni binadamu. Huyu sasa! Ukimsalimia asubuhi anakujibu habari za ribiti, zile pini za kushikia bati, ubavuni mwa helikopta.

"Radko, usipumue karibu na meza."

"Nikapumulie wapi, shemeji? Nishuke chini?"

"Ikiwezekana."

Meza yenyewe aliiweka kwenye baraza ya Bibi, ile iliyozungushiwa vioo. Hapo ndipo Bibi anapochomea pilipili zake kila mwisho wa kiangazi, mtaa mzima unanukia. Ognyan akapiga marufuku. Eti masizi yanaganda kwenye rangi mbichi. Bibi wa watu akahamia kwenye ngazi na jiko lake, majirani wanamruka kama dimbwi.

Mwaka huo alikuwa anatengeneza helikopta ya jeshi la majini, ya kuwinda nyambizi, kwa ajili ya mashindano ya mkoa. Mapangaboi yake yanakunjwa kwenda nyuma, yanalala juu ya mkia, ili iingie kwenye banda la meli.

"Kila mjinga anayaacha yamenyooka," alisema tukiwa mezani, supu ya Bibi inapoa. "Mimi nayakunja."

Shida ikawa moja. Ukiyakunja, uzito wote unarudi nyuma. Usipoficha kitu kizito puani, gurudumu la mbele linaelea hewani na dude lote linakalia mkia kama mbwa anayeomba mfupa. Kwa hao jamaa wa helikopta za plastiki hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Ni kosa la mtoto aliyeshika gundi kwa mara ya kwanza.

Na pua ya helikopta hiyo ilikuwa vioo vitupu. Vile vipande vya risasi wanavyozamishia ndoano wavuvi havikuenea mle kwa uzito uliotakiwa.

"Weka keki ya dada," nikamshauri. "Ile inazamisha hata meli."

Rumyana akanitandika na kitambaa cha vyombo.

"Si uijaribu tu kwanza kabla hujaifunga?" akauliza Bibi.

Ognyan akamtazama kama anavyotazama vumbi. "Bibi, wanaojaribu ni wasiojua hesabu."

Sasa, nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikola, Bibi alikuwa na pendara. Sarafu ya dhahabu ya kuvaa shingoni, ndogo kama kifungo cha koti. Aliivaa yeye siku ya harusi yake, na mama yake kabla yake. Iliahidiwa mchumba wangu Denitsa.

Wiki tuliyokaa kupanga harusi, Bibi akapeleka mkono nyuma ya picha. Ukarudi mtupu.

Akaishusha picha. Akapekua hata ndani ya friji.

Wa kwanza kufungua mdomo nani? Ognyan.

"Mimi simtaji mtu," akasema, huku anafuta rangi kwenye kucha. "Ila humu ndani nani hana kazi ya kueleweka?"

"Natengeneza simu!" nikasema. "Hiyo siyo kazi?"

"Ndiyo maana nikasema ya kueleweka."

Macho yote kwangu. Na mimi ndiye mtani wa nyumba, nimewahi kuficha meno ya Bibi kwenye bakuli la mtindi. Nani angeniamini?

Bibi hakupiga kelele. Bora angepiga. "Radko, mpaka irudi, hakuna harusi inayotoka nyumba hii."

Habari ikafika kwa kina Denitsa kabla yangu.

"Mimi nakuamini," Denitsa akaniambia mlangoni kwao.

"Na mama yako?"

"Mama amehamisha vijiko."

Aisee, hapo niliumia. Kuitwa mwizi na watu wangu ni kitu kimoja. Kumpoteza Denitsa kwa sarafu ambayo sijaigusa, hapana.

Siku ya mashindano Ognyan akatuburuza wote ukumbini, tukashuhudie ushindi. Bibi na kilemba chake kizuri, Denitsa kwa sababu Rumyana alimbembeleza, mimi nyuma kabisa nimebeba boksi la keki lenye mapangaboi. Yalisafirishwa peke yake, yasivunjike.

Ognyan akaiweka helikopta mezani. Na niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Michirizi ya chumvi ubavuni, oili chini ya injini, vioo vinang'aa kama macho ya samaki wa leo. Ikasimama kwa magurudumu yote.

Akapachika mapangaboi kwa kibano, moja baada ya jingine, yote yakalala nyuma. Akarudi hatua moja na kukunja mikono.

Helikopta ikafikiria kidogo.

Halafu, taratibu, ikainua pua na kukalia mkia. Tak.

Jaji mmoja, mzee mwenye tochi na kioo kidogo, akainama, akamulika, akainuka. "Umesahau uzito puani, kijana."

Watu wakacheka. Kuna mtoto alicheka mpaka akashika tumbo.

Ognyan akawa mwekundu kama pilipili alizozipiga marufuku. "Nimesahau? Mimi? Uzito umo! Risasi haikuenea, nikaweka dhahabu! Nafasi ileile, dhahabu ni nzito karibu mara mbili! Nimepiga hesabu! Haiwezi kuanguka!"

Bibi akasogea mpaka mezani.

"Ognyan, mwanangu," akasema Bibi, polepole. "Dhahabu gani?"

Ndipo jamaa akasikia alichokisema.

Mzee wa tochi bado alikuwa anaitazama ile pua. "Kama hesabu ni sahihi na imeanguka," akasema, "basi siyo dhahabu."

"Siyo," akasema Bibi.

Tukamgeukia wote.

"Niliiuza. Ile baridi ambayo mkate ulipanda bei asubuhi na jioni. Radko ulikuwa kwenye nepi. Mlikula." Akaweka kilemba sawa. "Hii ni shaba. Nilinunua wanaponunua wacheza ngoma mapambo yao."

"Bibi!" nikapata sauti. "Umenizuia kuoa kwa ajili ya shaba?"

"Ningefanyaje? Ningenyamaza, mngejua siyo dhahabu."

Akachukua kisu kwenye sanduku la vifaa la Ognyan mwenyewe na kuielekea pua.

Na mnajua shemeji alisema nini? Siyo samahani. Siyo nimekosa. Aliwageukia majaji, machozi yanamlengalenga, akasema: "Basi naomba mnipe alama kabla hajaikata."

Rumyana alicheka kwanza. Akalia baadaye, lakini kwanza alicheka.

Harusi ilifanyika. Denitsa alivaa ile shaba, na doa la gundi lililogoma kutoka. Mama yake alituzawadia vijiko.

Pilipili zinachomwa barazani tena. Helikopta ipo pale dirishani, haina pua, imekalia mkia, na masizi yameipaka rangi ambayo Ognyan hajawahi kuipatia.

Mnataka funzo? Ukisikia mtu anawahi kusema "mimi simtaji mtu," usimjibu. Mwombe tu aweke helikopta yake mezani.